Jiwe la Nyuma ya Nyumba Usiligeuze Ukuta wa Banda

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mlimani huku Bugarika, Mwanza. Nina mitetea 12 na jogoo mmoja. Wanalala jikoni, na nimechoka kufagia kinyesi kila alfajiri. Nataka kuwajengea banda kwa vitu nilivyo navyo: mabati saba ya zamani ya futi 10, mbao za mtumbwi wa marehemu baba mkwe uliooza chini, makasia yake mawili, wavu wake wa kuvulia, na mlango mkuukuu unaobanduka rangi. Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Nimewaza kuegemeza banda hapo, jiwe liwe ukuta wa nyuma, la futi 4 kwa 5. Fedha niliyonayo ni shilingi 80,000. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza kwa kuachana na jiwe.

Najua linavyoshawishi. Watu wa Mwanza tumekulia juu ya mawe, tunaanikia nguo, tunaanikia dagaa, na ukuta wa bure nani ataukataa? Mimi sikuukataa. Nilipoacha useremala wa mitumbwi kule Igombe nikahamia kwa mwanangu, niliegemeza banda kwenye jiwe vilevile unavyotaka wewe. Mvua ya kwanza ya vuli, maji yote yaliyoangukia jiwe yaliteremkia ndani, maranda yakawa uji. Jua likikaza, jiwe linashika moto mchana kutwa na kuutoa usiku. Saa tatu usiku kuku wangu walikuwa bado wanahema midomo wazi. Hayo ningeyavumilia. Lakini bati limenyooka na jiwe halikunyooka, na kati yao hapakosi upenyo. Niliuziba kwa udongo, ukapasuka. Nikaongeza matambara na saruji. Usiku mmoja kicheche akapita hapohapo, na asubuhi nikaokota kuku tisa, shingo zimetafunwa, wengi wao hata hakuwala. Mapango ya mawe yetu ndiyo nyumba za nguchiro na nyoka pia. Sogeza banda hatua nne au tano mbali na jiwe, upande ambao maji hayateremkii.

Futi 4 kwa 5 hazitoshi. Kuku wa kienyeji wanne, wakizidi sana watano, ndio wanaostahili mita moja ya mraba. Kuku 13 wajengee futi 6 kwa 6. Wakibanana watadonoana, na hewa kali ya kinyesi itawaumiza macho na vifua.

Sasa mbao, na hapa nasema kama fundi. Mtumbwi huoza chini na kwenye maungio, lakini mbao za ubavuni mara nyingi bado ni nzima. Gonga kila ubao kwa nyundo: mzima unalia, uliooza unanyamaza. Ng'oa misumari yote kabla hujakaribisha msumeno. Katikati ya mbao utakuta pamba, ile tunayosindilia maji yasiingie. Itoe yote, usibakize hata uzi, kwa sababu utitiri hujificha kwenye nyufa mchana na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha panga mbao kivulini zikiachana kwa vijiti, wiki tatu. Ubao ulioshiba maji ya ziwa ukiupigilia mbichi, utajikunja ukikauka na kuchomoa misumari yako. Ukishasimamisha banda, lipake chokaa ndani. Oili chafu paka kwenye miguu ya nguzo tu, kwa ajili ya mchwa. Usiipake mahali kuku anapogusa.

Wavu wa kuvulia usiufanye ukuta. Kicheche ataukata kwa meno, na kuku atanasa kucha kwenye nyuzi. Utandaze juu ya uwanja wao wa mchana, uwakinge vifaranga na mwewe. Kazi hiyo unaiweza vizuri sana.

Mlango nakusihi uuache. Rangi nyingi za zamani zina risasi. Kuku atadonoa maganda yake, sumu iingie mwilini mwake na kwenye yai watakalokula wanao. Usiukwangue ukiwa mkavu, vumbi lake ni baya zaidi. Tengeneza mlango kwa mbao za mtumbwi.

Zile 80,000 nyingi ziende kwenye waya wa matundu madogo, ya nusu inchi. Waya wa kuku wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, haumzuii nyoka wala panya kuingia. Huko mlimani huwezi kuchimba kwenda chini sana, udongo ni mwembamba juu ya mwamba. Basi ukifika ardhini, ukunje waya uelekee nje, ulale futi moja na nusu kuzunguka banda lote, uupange mawe juu. Mnyama huanza kufukua pale ukuta unapogusa ardhi, hapo atakutana na waya.

Mabati manne yaliyo mazima yafanye paa, na usiyakate. Yakitokeza futi mbili mbele na nyuma, mvua yetu inayokuja na upepo haitafika ndani. Matundu ya misumari ya zamani ziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya msumari mpya. Matatu yaliyobaki yalaze kuwa ukuta wa chini, na juu yake yote iwe waya mpaka kwenye paa, ili joto litoke.

Makasia ya mzee usiyachome. Yapitishe kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha futi mbili, yawe fito za kulalia. Mpini wa kasia ni laini, hauna vipande vya kuchoma, na unene wake unatosha kuku kushika na kulala. Kila kuku anahitaji sentimita 20, kwa hiyo makasia mawili yatawatosha wote 13. Chini mwaga maganda ya mpunga, yamejaa kwenye mashine za kukoboa.

Chanjo ya kideri (mdondo), ile ya tone la jicho, wape kila miezi mitatu. Kideri hakizuiwi na waya.

Kabla hujawahamisha, ingia bandani saa sita mchana, ufunge mlango, uchuchumae mpaka macho yazoee giza la kule chini. Tafuta mwanga unaopenya kwenye mabati na pembeni mwa mlango. Kila tundu linaloingia kidole chako, panya mchanga analipita. Ziba, halafu uchuchumae tena.