Re: Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vinatosha kuijua fasihi ya Azerbaijan?

Mkuu, umeuliza kama vinatosha. Havitoshi, ila visome, vina mengi, shida ni nani anapewa sifa. Mcheki Mirza Shafi Vazeh, mshairi mzaliwa wa Ganja aliyekuwa anafundisha lugha Tiflis, ndo Tbilisi ya leo, Mjerumani Friedrich Bodenstedt akasoma kwake miaka ya 1840, akarudi kwao akaandika kitabu cha safari na mashairi ya mwalimu ndani yake, 1851 akayatoa mashairi peke yake yakauzika balaa, yakachapwa tena na tena, hadi Rubinstein, mtunzi wa muziki Mrusi, akayatia muziki baadhi. Mirza Shafi akafa 1852. Miaka ikapita, Bodenstedt akasema yale mashairi katunga yeye! Wasomi wa Azerbaijan wanalipinga mpaka leo na baadhi ya mashairi ya asili yamepatikana, kwa hiyo mi naona mzee Mirza Shafi alidhulumiwa kabisa, na inaniuma.

Dumas, yule mwandishi wa riwaya Mfaransa, naye alipita Baku 1858, huko ni moto wa Surakhani karibu na Baku, enzi hizo gesi ilikuwa inatoka ardhini yenyewe na kuwaka, anasimulia vizuri sana ila fasihi yenyewe huipati.

Sasa we anza na Natavan, mshairi wa mji wa Shusha, binti wa khan (mtawala) wa mwisho wa Karabakh, soma ghazali zake (mashairi mafupi ya mapenzi na huzuni) za kumlilia mwanawe Abbas, halafu rudi nyuma kwa mshairi Vagif wa karne ya 18. Ukimaliza hao ndo uwashike wasafiri.