Mdogo wangu, anza na maungio

Nyumba za zamani hapa Dodoma, tuseme za Area C au Kikuyu, bado nyingine zina bomba za chuma zilizopakwa zinki. Fundi mgeni akitafuta kutu huligonga bomba, akiona linang'aa anaridhika. Wewe tazama maungio. Ukikata meno ya bomba unaondoa zinki na kupunguza unene wa chuma, basi kutu huanzia hapo hapo. Na ukikuta valvu ya brasi imefungwa moja kwa moja kwenye nipo ya chuma (kile kipande kifupi cha bomba chenye meno pande zote mbili), tilia shaka zaidi, maana metali hizo mbili zikikutana kwenye maji, kinacholiwa ni chuma.

Nilichochelewa kujifunza ni kwamba huku kwetu bomba huvuja bila kulowesha. Kiangazi, upepo na jua hukausha jasho la bomba kabla halijawa tone. Maji yetu ya visima yana chumvichumvi (muulize yeyote anayesugua birika), yakikauka yanaacha ukoko mweupe kwenye ungio. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliukuta nyuma ya sinki la mama mmoja, mweupe kama chokaa, na mstari wa kahawia katikati. Nikaukwangua kwa bisibisi, nikapaka rangi ya fedha, nikachukua hela yangu. Wiki ya tatu simu ikalia: "Fundi, njoo uone unga wangu ulivyolowa." Kumbe ukoko ule ndio uliokuwa umeziba tundu! Unga niliulipa mimi. Siku hizi siugusi kabla sijafunga valvu kubwa na nipo mpya iko mkononi.

Kingine, mwombe mwenye nyumba asifungue koki asubuhi mpaka ufike. Kinga maji ya kwanza kwenye beseni jeupe. Yakitoka ya kahawia kisha yakasafika upesi, kutu imo ndani ya nyumba. Yakiendelea hivyo, na kwa jirani ni vilevile, tatizo liko laini ya nje, hasa maji yakiwa yamerudi baada ya mgao. Usimbomolee mtu ukuta bure.

Mita nayo: funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, kuna mahali maji yanapotea.

Mteja atakuambia ubadilishe nipo moja tu. Badilisha, ila kipande cha zamani usikitupe. Mwoneshe ndani: bomba la nusu inchi, kutu imevimba mpaka penseli haipiti. Mara nyingi ataulizia mwenyewe bei ya bomba za plastiki.