Kabla Hujamwita Fundi Aje Kuongeza Gesi

Kila ifikapo Desemba, joto la Dar es Salaam linapopanda na unyevunyevu wa bahari kukaa ndani ya nyumba hadi usiku wa manane, mafundi wa viyoyozi hawapatikani kirahisi, na wakipatikana, jibu lao kwa wateja wengi huwa moja: gesi imepungua. Mteja hulipa, mtungi hufunguliwa, chumba hupoa kwa muda, kisha hali hurudi palepale. Nimeishi na viyoyozi kwa miaka mingi, kwanza katika nyumba za kupanga na sasa katika nyumba yangu Kigamboni, si mbali na ufukwe, na jambo ninalolirudia mara nyingi kwa ndugu na majirani ni kwamba kiyoyozi hakili gesi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hubeba joto la chumbani na kulitoa nje, kisha hurudi kuanza upya. Ikiwa imepungua, basi ipo sehemu inapovujia, na anayeiongeza bila kuitafuta sehemu hiyo anakuuzia kitu kitakachotoroka tena.

Wala si kila kiyoyozi kisichopoza kina upungufu wa gesi. Kwa uzoefu wangu, sababu ya kwanza ni uchafu. Kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani hufunguka kwa mikono mitupu, na nyuma yake zipo filta za wavu wa plastiki ambazo, kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, huota utando wa kijivu unaoweza kubanduliwa kwa vidole kama kitambaa. Zioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha zianike kivulini, kwa sababu jua la mchana huipinda plastiki na filta hairudi tena mahali pake sawasawa. Wakati wa joto mimi hufanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Filta ikiziba, hewa haipiti vya kutosha, koili (mabomba ya kupozea) iliyo nyuma yake hupoa kupita kiasi na kuganda barafu, na barafu hiyo ikiyeyuka maji huchuruzika ukutani. Gesi ikipungua pia barafu huweza kuonekana, na ndiyo maana nashauri kuanza na kilicho rahisi: safisha filta, zima mashine hadi barafu iyeyuke yote, kisha iwashe tena. Ikiganda tena ilhali upepo unatoka kwa nguvu, hapo una sababu ya kumwita fundi. Maji yakichuruzika bila barafu yoyote, kagua bomba la kutolea maji, ambalo huziba kwa utelezi na wakati mwingine kwa viota vya wadudu.

Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, mashine ya nje ndiyo inayoumia zaidi. Upepo hubeba chumvi, chumvi huganda kwenye mapezi membamba ya alumini yaliyo mgongoni mwa mashine, na baada ya miaka michache mapezi hayo hugeuka unga mweupe ukiyagusa. Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, basi. Zima umeme kwenye swichi yake kubwa, kisha mwagilia mgongo wa mashine kwa mpira wa bustani, kwa mgandamizo mdogo, kwa kuwa pampu za kuoshea magari huyalaza mapezi na kuziba njia ya hewa. Wenye visima vya maji ya chumvi watumie maji ya bomba au ya mvua. Kama bado hujafunga mashine, chagua ukuta usiotazama bahari moja kwa moja wala kupigwa na jua la alasiri, na usikubali kuifungia kwenye kona iliyobanwa na ukuta wa jirani, kwa sababu joto inalolitoa litazunguka na kuingia tena mgongoni mwake.

Fundi akija na kusema gesi imepungua, muulize inavujia wapi. Anayeijua kazi yake ataanzia kwenye viungio vya nati ubavuni mwa mashine ya nje, atavipaka povu la sabuni na kusubiri mapovu. Akishaziba, anapaswa kuunganisha pampu ya kuvuta hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba kabla ya kuingiza gesi mpya. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa pampu ni ghali na kazi hiyo huchukua muda. Wengine hufukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo tu, na unyevu unaobaki huidhuru kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, polepole, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Mwisho, kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, kwa gramu au kilo, na hupimwa kwa mizani. Fundi anayejaza kwa kupapasa bomba kama limepoa anakisia.

Kibati hichohicho kitakuambia kama umefika wakati wa kubadilisha mashine. Ukikuta kimeandikwa R-22, ujue gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, kwa hiyo kutengeneza uvujaji mkubwa kwenye mashine ya aina hiyo mara nyingi hakulipi. Mashine mpya nyingi hutumia R-410A au R-32. Usimruhusu mtu kuingiza gesi hizi kwenye mashine ya R-22, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa zaidi na mafuta ya kompresa hayalingani. R-32 huweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi, hivyo mabomba yake hayachomelewi gesi ikiwa bado imo.

Katika kununua, watu wengi hukimbilia ukubwa. Chumba cha kulala cha kawaida hutoshewa na mashine ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000. Ukiweka ya 18,000, itapoza haraka na kusimama kabla haijakausha unyevu, na utalala kwenye baridi yenye majimaji huku nguo zikiota ukungu kabatini. Kama chumba kina bati juu bila dari ya maana, pesa ya kwanza iende kwenye dari. Mashine za inveta, ambazo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, zinamfaa anayewasha usiku kucha. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 hula takriban uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi, kwa hiyo aliyezoea kubaki chini ya uniti 75 za LUKU kwa mwezi asitarajie kubaki huko. Ukiweka nyuzi 25 au 26 na kuwasha pangaboi polepole, utalala vizuri; kushusha rimoti hadi 16 hakuharakishi chochote kwenye mashine isiyo ya inveta, kunairefushia kazi tu.

Inveta ina bodi ya kielektroniki isiyovumilia umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo ipewe waya wake kutoka kwenye swichi kubwa, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa, na friji gadi, yaani kifaa cha kuikinga na umeme huo, ya kiyoyozi, si ile ndogo ya jokofu. Na kama mabomba ya zamani yalikuwa ya R-22, lipia mapya, hata fundi akikuhakikishia kwamba yale yaliyomo ukutani bado ni mazima.