Maswali ya Wasomaji: Injini ya Dizeli katika Gari la Kifahari la Zamani

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri,

Marehemu baba aliniachia Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1983, umbo la W126 (ndiyo namba ya kiwanda ya toleo hilo), usukani wa kulia. Bodi lake ni zima, viti bado ni vile vilivyotoka kiwandani, na sina nia ya kuliuza. Kinachonisumbua ni injini. Inakunywa petroli kupita uwezo wangu, na asubuhi ninapoiwasha hutoa moshi wa bluu kwa dakika moja hivi, kisha moshi unakatika. Ninaishi Tanga, na kila mwezi hupanda Lushoto kumwona mama. Fundi wangu ananishauri niitoe injini hiyo na kuweka ya dizeli, Toyota 3L, ile ya Hiace. Anasema kazi ni ya siku nne na spea zake zinapatikana hadi vijijini. Je, nimkubalie?

Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kulitunza gari lake. Ushauri wangu ni kwamba usimkubalie fundi kwa sasa, na hata kama mwishoni utaamua kuhamia dizeli, isiwe hiyo 3L.

Tuanze na injini uliyo nayo, kwa sababu maelezo yako hayaonyeshi injini iliyokufa. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu, kisha ukakatika, kwa kawaida hutokana na sili za valvu zilizokauka: gari likilala, oili huchuruzika kidogo kidogo kupitia miongozo ya valvu hadi ndani ya silinda, na asubuhi huungua yote kwa mara moja. Kama ringi za pistoni ndizo zilizokwisha, ungeuona moshi huo hata ukiwa njiani, hasa unapopanda mlima. Sili za valvu hubadilishwa bila kushusha silinda hedi, na gharama yake haikaribii hata kidogo gharama ya kununua injini nyingine. Kabla ya yote, mwambie fundi apime kompresheni (mbano wa hewa) ya silinda zote sita injini ikiwa moto, akuandikie namba sita kwenye karatasi. Namba hizo zikikaribiana, injini yako bado ina maisha.

Kuhusu ulaji wa mafuta, 280 SE hutumia mfumo wa Bosch K-Jetronic, ambao hupuliza petroli muda wote kwa kufuata kiasi cha hewa kinachosogeza sahani iliyo chini ya kichujio cha hewa. Mpira mmoja wa hewa ukipasuka, au kidhibiti kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi kikakwama, mchanganyiko wote huharibika na gari hula mafuta bila sababu nyingine yoyote. Nimekutana na magari mengi yaliyohukumiwa kuwa "injini imechoka", kumbe yalihitaji mipira mipya na mtu mwenye geji ya kupima shinikizo la petroli. Injini yako, inayoitwa M110, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,746, kamshafti mbili na nguvu farasi 185. Ni injini ya kuheshimiwa, na kuitoa bila kuipima ni kumzika mgonjwa ambaye hajaonwa na daktari.

Tuseme basi umepima, na majibu yamekuja mabaya. Je, dizeli ndani ya W126 ni wazo la ajabu? Si la ajabu hata kidogo, maana kiwanda chenyewe kililifanya. Mwaka 1978 Mercedes-Benz ilianza kuuza Marekani gari la 300 SD, katika umbo la W116 lililotangulia la kwako, likiwa na injini ya OM617 ya silinda tano na turbo. Lilikuwa gari la abiria la kwanza duniani kuuzwa likiwa na dizeli ya turbo. Sababu haikuwa mapenzi ya dizeli. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Marekani iliweka sheria ya kupima wastani wa ulaji wa mafuta wa magari yote ambayo kila kampuni inauza, na kampuni iliyozoea kuuza magari makubwa ya V8 ilihitaji gari la kushusha wastani huo. Umbo la W126 nalo lilipata 300 SD yake, kisha 300 SDL ya silinda sita mwaka 1986.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanasoma habari za 300 SD, wanaagiza OM617 ya turbo kutoka nje, halafu injini ikifika haiingii. Magari yale yalitengenezwa kwa soko la Marekani ya Kaskazini, yenye usukani wa kushoto. Katika OM617, manifoldi ya eksozi na turbo vimekaa upande wa kulia wa injini, na katika gari lako upande huohuo ndio wenye boksi la usukani na mhimili wake. Kabla hujatoa shilingi, chukua futi, fungua boneti, na upime nafasi iliyopo kati ya boksi hilo na mahali turbo itakapokaa. Kwa hali ya kwetu mimi ningetafuta Mercedes ya umbo la W124, ya dizeli isiyo na turbo, 300D, yenye injini ya OM603 ya silinda sita. Nguvu yake ni kama farasi 110. Hutamshinda mtu mbio, lakini utabaki na mtiririko laini wa silinda sita, na mtiririko huo ndio roho ya gari la namna hii.

Sasa 3L. Ni injini ya kazi, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, ni ngumu, na sifa zake kwenye Hiace na Hilux ni za kweli. Lakini nguvu yake ni kama farasi 90, nusu ya ile uliyo nayo, na itabeba gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto utaupanda nyuma ya malori. Zaidi ya hapo, dizeli ya silinda nne hutikisika kwa namna ambayo mauntini (mipira inayoshikilia injini) za W126 hazikutengenezwa kuizima, na kila utakaposimama kwenye taa utausikia mtikisiko huo kwenye usukani, kwenye kioo cha kutazamia nyuma na kwenye mlango.

Jambo linalonifanya niandike kwa kirefu, hata hivyo, ni breki. Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia mlango mdogo unaofunguka na kufunga, na ufyonzaji huo ndio unaoipa nguvu busta ya breki, yaani kifaa kinachosaidia mguu kukandamiza pedali. Dizeli haina mlango huo, kwa hiyo haina ufyonzaji wa kutosha, na lazima iwe na pampu yake ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa. Katika 3L pampu hiyo imeshikana na mgongo wa altaneta. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda W126 iliyobadilishwa injini hivyohivyo, tukiteremka kutoka Lushoto. Fundi umeme mmoja alikuwa amefunga altaneta ya petroli, ya bei nafuu, isiyo na pampu mgongoni. Taa ya chaji ilizimika, na wote wakaridhika. Kwenye kona ya kwanza breki zilishika vizuri, ya pili zikashika kwa shida, na ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe chini ya mguu wa dereva. Tulisimama kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, tairi la mbele likiwa limeingia kwenye majani ya ukingo. Chini yetu tuliona paa za nyumba. Katika gari lako vakyumu hiyohiyo ndiyo inayoiambia giaboksi ya otomatiki ibadilishe gia kwa upole, na katika dizeli za Mercedes za zama hizo ndiyo pia inayozima injini unapogeuza ufunguo. Fundi akikuambia kazi ni ya siku nne, muulize vakyumu ataitoa wapi na mipira yake itapita wapi. Jibu lake litakuonyesha kama anaifahamu kazi.

Usitegemee pia kubaki na giaboksi ya petroli. Ile imepangwa kwa injini inayopenda kuzunguka kwa kasi, na dizeli hufanya kazi yake chini. Difu nayo ni hivyohivyo. 300 SD ya W126 ilitoka na difu ya 3.07, yaani propela huzunguka mara 3.07 gurudumu likizunguka mara moja, na 280 SE nyingi zilitoka na difu fupi zaidi, yenye namba kubwa kuliko hiyo. Kwa tairi zako za inchi 14, difu ya 3.69, kwa mfano, itaifanya injini izunguke kama mara 3,200 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, wakati ile ya 3.07 itaizungusha kama mara 2,700. Safari ya Tanga hadi Dar es Salaam kwa mizunguko 3,200 ya dizeli itakuchosha masikio, na sehemu kubwa ya mafuta uliyotarajia kuokoa itapotea. Kwa sababu hiyo mimi husema: nunua gari zima la kutoa vipuri, si injini iliyokaa sakafuni dukani. Utapata injini, giaboksi, propela, rejeta, pampu ya usukani, waya za hita plagi na mabano yote, na vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyokula pesa na miezi. Tangi lisafishwe hadi tone la mwisho la petroli, pampu ya umeme ya K-Jetronic iondolewe, na mrija wa kurudisha dizeli uwe mzima.

Hesabu nayo uifanye mwenyewe kabla ya kumpa mtu yeyote malipo ya awali. Tuseme gari linatembea kilomita 6,000 kwa mwaka, petroli likinywa lita 15 kwa kila kilomita 100 na dizeli lita 10. Utaokoa lita 300 kwa mwaka. Zizidishe kwa bei ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, uone ni miaka mingapi itapita kabla gari la kutoa vipuri, ufundi na difu havijajilipa. Kwa mwendo wako wa safari moja ya Lushoto kwa mwezi, sioni kama siku hiyo itafika. Na ukibadilisha, kumbuka kwamba kadi ya gari inaonyesha namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta, kwa hiyo badiliko liandikishwe TRA (mamlaka ya mapato) na bima wajulishwe kwa maandishi.

Kwa hiyo anza na sili za valvu, mipira ya hewa na karatasi yenye namba sita. Ukishapata namba hizo, niandikie tena.

SWALI LA PILI

Ndugu Mhariri, nina gari la zamani la V8 la petroli. Rafiki ananiambia nisinunue injini nyingine, bali niitumie bloku (mwili wa injini) ileile na kutengeneza silinda hedi mpya zenye nozeli za kupuliza dizeli, iwe dizeli. Inawezekana?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Tafadhali usijaribu. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini za aina ya OM617 niliyoitaja hapo juu hubana hewa zaidi ya mara 21, wakati petroli ya zamani hubana kama mara 8 au 9. Bloku, krenki, pistoni na boliti za hedi za petroli hazikuumbwa kwa mzigo huo. Hata kampuni kubwa imewahi kupata hasara katika jambo hili. Kuanzia 1978 hadi 1985 General Motors iliuza V8 ya dizeli ya lita 5.7 kutoka Oldsmobile, iliyofuata muundo wa V8 yao ya petroli, na iliwekwa hata katika gari la kifahari la Cadillac Seville. Bloku iliimarishwa kweli, lakini idadi na mpangilio wa boliti za hedi ulibaki wa petroli. Boliti zilivutika, gasketi zikaungua, na kwa kuwa hakukuwa na kichujio cha kutenganisha maji na mafuta, maji yaliingia kwenye pampu ya nozeli na kuiozesha. Wanunuzi wengi wa Marekani waliikimbia dizeli kwa miaka mingi baada ya hapo. Kama wahandisi wenye kiwanda kizima walishindwa kwa sababu ya boliti, gereji yenye mashine moja ya lezi itashindwa mapema zaidi.

SWALI LA TATU

Ndugu Mhariri, Range Rover yangu ya 1984 ina V8 ya lita 3.5 iliyopasuka bloku. Nimepewa injini ya dizeli ya turbo, 300Tdi, kutoka kwenye Discovery iliyopinduka. Je, nayo utanikataza?

Msomaji, Arusha

JIBU

Wewe sikukatazi. Injini yako imekwisha, gari la kutoa vipuri unalo, na njia ilishapitwa na kiwanda chenyewe: Range Rover ya umbo kama la gari lako ilianza kupewa dizeli mwaka 1986, ya kampuni ya VM kutoka Italia, kisha 200Tdi, na mwaka 1994 hiyohiyo 300Tdi. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,495 na nguvu farasi 111, na pampu yake ya vakyumu imefungwa kwenye injini yenyewe. Chukua kutoka kwenye Discovery kila kitu kilichoshikana na injini, pamoja na giaboksi, rejeta na intakula (kipoza hewa ya turbo) yake. Gari lililopinduka huenda lilibaki likiwaka huku oili imehama, kwa hiyo fungua bakuli la oili na ukague beringi za krenki kabla injini haijaingia. V8 yako ilitumia mnyororo wa taimingi, lakini 300Tdi inatumia mkanda wa mpira. Mkanda na roli zake vibadilishwe vyote injini ikiwa bado chini, maana hujui ulifungwa mwaka gani, na ukikatika valvu hugongana na pistoni.