Kabla Hujakabidhi Kazi Yako

Watu wengi wanaoingia katika afisi yangu ya uwakili hapa Kisumu huja wakiamini kwamba wameibiwa. Mpiga picha ameona picha zake kwenye bango kubwa kando ya barabara ya Kakamega. Kijana aliyeunda programu ya kuweka hesabu za chama ameikuta ikiuzwa kwa vyama vingine. Mwanamuziki amesikia wimbo wake ndani ya tangazo la redio. Ninapowasikiliza na kusoma karatasi chache walizo nazo, mara nyingi nabaini kwamba haki yao ilihama zamani, tena kwa ridhaa yao wenyewe. Ilihama siku walipoikubali kazi kwa simu, wakapokea malipo ya kwanza kwa M-Pesa na kutuma faili kwa WhatsApp, huku hakuna aliyetaja ni nani atakayemiliki kilichotengenezwa. Ndiyo maana ushauri ninaoutoa kuliko mwingine wowote ni kwamba suala la umiliki liamuliwe kabla kazi haijaondoka mikononi mwako, na liamuliwe kwa maandishi.

Nianze na kazi za kuagizwa, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi. Wabunifu wengi wa nembo na wapiga picha husoma mtandaoni makala yaliyoandikwa Uingereza, ambako mpiga picha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki ya picha alizoagizwa kupiga, isipokuwa aihamishe kwa maandishi. Sheria yetu haisemi hivyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaeleza kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila tu pale ambapo nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Msomaji azingatie uzito wa kanuni hiyo: mkinyamaza, sheria inampa aliyelipa. Mpiga picha wa harusi wa Milimani anayetaka kuzitumia picha zake kujitangaza, au mchoraji wa Nakuru anayetaka kuuza mchoro uleule kwa mteja wa pili, hana budi kuliandika jambo hilo katika makubaliano kabla ya kuanza kazi. Akisubiri mpaka mgogoro utokee, mimi kama wakili wake nitakuwa na machache sana ya kumfanyia.

Najua kinachowazuia. Kumwomba mtu sahihi huonekana kama kumshuku, hasa akiwa shemeji, mshirika wa kanisa moja au mtu mliyesoma naye. Nimewaona watu wenye kipaji kikubwa wakiona haya kutaja mkataba mbele ya mzee anayewaagiza kazi, eti wataonekana wamekosa adabu. Lakini wazee wetu hawakukabidhiana ng'ombe wa mahari bila mashahidi kutoka pande zote mbili, na hakuna mkwe aliyechukulia mashahidi hao kuwa matusi. Walikuwepo ili undugu usije ukavunjika kwa sababu ya kusahau. Mwambie mteja wako maneno kama haya: "Mzee, naomba tuandike tulivyokubaliana ili mimi nisije nikakukosea." Kwa miaka ambayo nimeifanya kazi hii, sijaona mteja mwenye nia njema akikasirishwa na sentensi hiyo. Anayekasirika ni heri umfahamu mapema.

Ukurasa wenyewe wa makubaliano hauhitaji Kiingereza cha mahakamani. Andika majina ya pande mbili na tarehe, kisha eleza kazi inayofanywa. Sema waziwazi hakimiliki ni ya nani baada ya malipo ya mwisho, na kama inabaki kwako, mteja anaruhusiwa kuitumia kazi wapi na kwa muda gani. Eleza pia itakuwaje malipo yasipokamilika, kwa maana ndilo swali linaloulizwa baadaye kwa machozi. Kiswahili kinatosha kabisa, mradi kila upande umeelewa na kutia sahihi.

Kwa kazi ambayo tayari ipo, mambo yanageuka. Uhamisho wa hakimiliki hauna nguvu ya kisheria usipoandikwa na kutiwa sahihi na anayehamisha au mwakilishi wake, kwa hivyo mtu aliyekutumia pesa kwa simu na kudai kwamba "amenunua wimbo" huenda hajanunua chochote zaidi ya ruhusa ya kuutumia. Hili huwahusu sana wanamuziki wetu wa ohangla na benga. Katika wimbo mmoja kuna maneno, kuna tuni, na kuna rekodi yenyewe; kila kimoja kina hakimiliki yake, na kwa upande wa rekodi sheria humtambua kuwa mwandishi, yaani mwenye haki ya kwanza, yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Msanii akienda studioni kwa kukopeshwa muda, aondoke na waraka unaoonyesha rekodi ni ya nani na mapato yatagawanywaje. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza mgao wa msanii kutokana na nyimbo za kuitikia simu, zile anazozisikia mpigaji akisubiri kupokelewa, hadi asilimia isiyopungua 52, hatua niliyoifurahia kwa dhati, lakini asilimia hiyo hulipwa kwa yule ambaye kumbukumbu zinamtaja kuwa mwenye haki. Msanii aliyemwachia mtu mwingine kusajili nyimbo kwa jina la mtu huyo hawezi kuisubiri.

Kwa wanaounda programu za kompyuta, sheria inazilinda kama kazi za fasihi, na hakimiliki huanza pale tu kazi inapohifadhiwa kwa namna inayoweza kusomwa, bila kusajiliwa. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki kunasaidia kama ushahidi, nami huwahimiza wateja wafanye hivyo, ila asiyesajili hapotezi haki. Tatizo lao kubwa ni ajira. Ulichoandika katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya ni cha mwajiri, mkataba usiposema vinginevyo. Kwa hivyo mwenye mradi wake wa jioni autaje katika barua ya ajira siku ya kwanza, na asiuandike kwenye kompyuta ya kazini.

Sasa naulizwa karibu kila wiki kuhusu akili unde (AI), yaani vifaa vya kompyuta vinavyotunga picha au maandishi vikielekezwa. Wabunge waliopitisha sheria ya 2001 hawakuwa na vifaa vya leo akilini, lakini walieleza kwamba mwandishi wa kazi iliyotokana na kompyuta ni mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo itokee. Naona ufafanuzi huo unatupa mahali pa kuanzia, ingawa haujibu kila swali, hasa pale ambapo kifaa kimetoa kitu kinachofanana na mchoro wa mtu mwingine. Ushauri wangu kwa mbunifu ni kumweleza mteja wazi kwamba alitumia kifaa hicho, na kuhifadhi rasimu na maelekezo aliyoyaandika, ili aweze kuonyesha mkono wake uko wapi katika kazi hiyo.

Mafundi wa jua kali wa Kibuye hapa Kisumu wana hatari ya aina nyingine. Hataza (patent), yaani haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, lakini hutolewa kwa kitu kipya tu, na fundi mwenye mashine ya kukatakata magugumaji akiionyesha katika video mtandaoni ameanza kuuharibu upya huo yeye mwenyewe. Sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyetangaza uvumbuzi wake ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha maombi. Nchi nyingi za Ulaya hazina msamaha wa namna hiyo. Kwa uboreshaji mdogo wa kifaa kuna cheti cha daraja la chini ya hataza (utility model), kinachodumu miaka 10 na kisichodai kiwango kilekile cha ugunduzi, nacho kinawafaa mafundi wengi kuliko hataza kamili. Nasema hivyo bila kusahau kwamba jiko la udongo na bati tunalolitumia nchini kote lilienea tangu miaka ya 1980 kwa sababu mafundi waliruhusiwa kulitengeneza bila kizuizi. Kuacha wazi ni uamuzi halali, mradi uwe uamuzi.

Kuhusu jina la biashara nitasema kwa ufupi: cheti cha kusajili jina la biashara hakikupi alama ya biashara. Hiyo huombwa kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze katika muda wa siku 60, na ikikubaliwa hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Jambo linalonigusa kwa kina ni utamaduni wetu. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ni heshima kubwa, ila orodha hiyo haimlazimishi mtengenezaji wa tangazo kumlipa mpiga ngoma hata shilingi moja. Kinachompa mpiga ngoma nguvu ni sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, iliyotokana na agizo la Katiba katika kifungu cha 11 kwamba jamii zilipwe fidia au mirabaha, yaani malipo ya matumizi, utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo inataka ridhaa ya jamii itolewe kabla ya matumizi, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa hayo. Vilevile wachezaji wenyewe wana haki zao kama watumbuizaji. Kwa hivyo kikundi kikifuatwa na watu wenye kamera, kisikubali posho ya siku moja na soda kabla hakijauliza picha hizo zinakwenda wapi, na nani katika jamii ametoa idhini.

Tumeshaona gharama ya kuchelewa. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kutoka Ziwa Bogoria, kaskazini mwa Nakuru, na vimeng'enya (enzymes) vilivyotokana navyo vikaja kutumiwa viwandani ng'ambo, ikiwemo katika kufifisha rangi ya vitambaa vya jinzi. Ni mwaka 2004 ambapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilijitokeza kudai sehemu ya mapato, likisema idhini yake haikuombwa. Miaka 12 baada ya vijidudu kuondoka ziwani, kila hoja ilikuwa ngumu kuthibitisha. Mwaka 2007 shirika hilo lilipoingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, mgao wa faida ulikubaliwa mwanzoni, na tofauti hiyo huwaeleza wateja wangu wa vikundi vya dawa za miti shamba karibu na Msitu wa Kakamega kila wanapotembelewa na watafiti.

Kuna familia pia. Hakimiliki ya wimbo au kitabu hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa kama shamba. Nimekaa na ndugu waliogombania nusu ekari kwa hasira huku nyimbo za marehemu baba yao zikipigwa katika kila matatu inayopita, wala hakuna aliyeziorodhesha katika mali ya marehemu. Mtunzi aliye hai aandike wosia unaotaja kila kazi kwa jina lake na mwaka wake, aambatanishe mikataba ya studio, na amteue mrithi mmoja wa kupokea mirabaha kwa niaba ya wenzake. Familia ambayo mtunzi wake ameshafariki izitaje nyimbo hizo katika maombi ya usimamizi wa mirathi, pamoja na shamba na ng'ombe.