Mawe yananimalizia injini

Swali: Mambo fundi, nina pikipiki Boxer 150 naipandisha milima ya Lushoto kila wiki, juzi jiwe limegonga chini mpaka nati ya kumwagia oili ikachubuka. Niweke kinga gani?

Jibu: Pole ndugu yangu. Chukua bati la aluminiamu la milimita 4, chuma nacho fresh ila kizito na kinashika kutu. Fundi alifunge kwenye fremu, sio kwenye injini, aweke na raba kwenye bolti maana bila hivyo litapiga kelele kama debe, halafu aache tundu usawa wa nati la sivyo kila ukimwaga oili unafungua bati zima (mi yalinikuta). Pembeni usizibe, Boxer inapozwa na upepo. Tope likijaa humo lioshe kabla halijakauka.