Kuhamia Lushoto na mtoto mchanga

Pole na mawazo, dada yangu. Umeuliza kama waliotoka Dar kuhamia Lushoto huwa wanajuta, maana shemeji kapata kazi huko na mna mtoto wa miezi minne. Mimi nina mwaka wa sita huku na sijuti, ila mwaka wa kwanza nililia.

Baridi ndiyo iliyoniliza. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba nepi zinakaa kambani siku tatu, ukizishika bado zina unyevu. Nunua sweta na blanketi nzito mapema. Na nakuomba sana, usilale na jiko la mkaa ndani mmefunga madirisha. Hewa yake inaua kimyakimya.

Barabara ya kupanda kutoka Mombo ni kona tupu, na masika udongo huporomoka. Kwa hiyo pangeni nyumba karibu na hospitali, msije mkakwama na mtoto njiani.

Kiwanja cha Dar msiuze kwanza. Njoo mwezi wa saba, ukae wiki mbili, usije Desemba plamu zimeiva ukadanganyika. Ukifika, jifunze salamu za Kisambaa, majirani watakupokea.